Je, Bangi Inatibu Ngozi Inayowasha?

SOMO LA AFYA

Ndugu msomaji, leo tutajifunza juu ya ngozi, na pia juu ya mmea wa bangi. Huenda utashangaa na kuuliza, "Mbona leo gazeti letu linaleta habari za bangi?" Tunazileta kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Siku hizi habari husafiri upesi kwa simu. Mtu anakwambia kwamba huko Ulaya na Marekani watu wanapaka mafuta ya bangi na ngozi zao zinapona. Mzazi akisikia hayo anafikiri, "Kumbe! Mtoto wangu anajikuna usiku kucha. Kwa nini nisitafute majani nikatwanga, nikampaka?"

Hapo ndipo penye hatari. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni nusu. Nusu ya ukweli inaweza kumwumiza mtoto. Kwa hiyo katika somo hili tutapepeta, ili mchele ubaki na chuya ziondoke.

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, someni kwa zamu, kila mtu sehemu moja.

1. NGOZI NI UKUTA

Ngozi yetu ni kama ukuta wa nyumba ya matofali. Matofali yake ni vitu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Vitu hivyo huitwa chembe hai. Udongo wa kushikanisha matofali hayo ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayatoki ovyo, na uchafu wa nje hauingii.

Nyuma ya ukuta huo kuna walinzi. Hao ni askari wa mwili, ambao husafiri ndani ya damu. Uchafu au vijidudu vikipenya, askari hukimbilia mahali pale. Ndipo tunapoona ngozi inavimba, inapata moto, inauma au inawasha. Kwa mtu mweupe mahali hapo huwa pekundu. Kwa sisi watu weusi wekundu huo mara nyingi hauonekani vizuri. Ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya kijivu, na hukwaruza ukiipapasa.

Askari wakimaliza kazi, hurudi makwao na ngozi hupoa. Hiyo ni kawaida. Lakini kwa watu wengine askari hawatulii. Ni kama sungusungu wanaopiga yowe la mwizi kila usiku, hata akipita mbuzi. Kijiji kizima hakilali. Basi, ngozi ya namna hiyo nayo hailali.

Tuyataje magonjwa matatu ya aina hiyo:

(a) Pumu ya ngozi. Wengine huiita ukurutu. Huwapata sana watoto. Ngozi hukauka, hupasuka na kuwasha sana, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwa watoto wachanga huanza usoni.

(b) Soriasisi. Hapa chembe za ngozi huzaliwa upesi mno. Kwa kawaida ngozi huchukua kama mwezi mmoja kujibadilisha. Kwa mgonjwa wa soriasisi huchukua siku chache tu. Kwa hiyo ngozi hurundikana na kufanya magamba meupe, hasa kwenye viwiko, magoti na kichwani.

(c) Mzio wa kugusa. Huu hutokea ngozi inapogusana na kitu ambacho askari wa mwili wamekichukia. Mfano ni madini yanayoitwa nikeli, ambayo mara nyingi huwa katika hereni za bei nafuu, saa, na bizimu za mikanda. Ukiona ngozi inawasha chini ya kitovu, mahali bizimu inapogusa, hebu ichunguze bizimu yako.

Magonjwa haya matatu hayaambukizi. Ukishikana mkono na mgonjwa hupati kitu. Wala si kurogwa.

2. NDANI YA BANGI MNA NINI?

Watu wamejua mmea wa bangi kwa maelfu ya miaka. Jina lenyewe tulilipata kutoka kwa watu wa India. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua ni kitu gani hasa ndani ya mmea huo kinacholevya.

Katika miaka ya 1960 mwanasayansi mmoja wa Israel, Raphael Mechoulam, aliamua kutafuta. Kwa kuwa bangi ilikuwa imekatazwa, alikwenda kuomba kwa polisi. Walimpa kilo 5 za hashishi waliyokuwa wameikamata. Hashishi ni utomvu wa bangi. Akaibeba ndani ya basi la abiria mpaka kwenye maabara yake. Mwaka 1963 yeye na wenzake waligundua umbo la kitu kimoja kinachoitwa kanabidioli, kwa kifupi CBD. Mwaka 1964 wakakipata kingine kinachoitwa THC. Mzee huyo aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2023.

Leo wataalam wanajua kwamba mmea wa bangi una vitu zaidi ya 100 vya jamii hiyo. Vyote pamoja huitwa kanabinoidi. Lakini sisi tukumbuke viwili tu:

THC ndiyo inayolevya. Hubadilisha mawazo, hupiga moyo mbio, na inaweza kumchanganya mtu akili.

CBD hailevyi. Ndiyo inayotiwa katika mafuta mengi ambayo watu wa Ulaya na Marekani wanajipaka.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wenzetu wanapaka bangi, mwulize, "Bangi yote, au kitu kimoja kilichotolewa ndani yake na kupimwa?" Hayo ni mambo mawili tofauti.

3. VITASA NA FUNGUO

Sasa tuulize: kitu cha mmea kinawezaje kutuliza ngozi ya mtu?

Chembe za mwili wetu zina vitu vilivyo kama vitasa vya mlango. Ufunguo unaofaa ukiingia, mlango hufunguka na chembe hufanya kazi fulani. Mwaka 1988 wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba ubongo una vitasa ambavyo THC inaviingia sawasawa. Mwaka 1993 vitasa vya aina ya pili vikajulikana. Hivyo hupatikana sana kwa askari wa mwili. Baadaye ikaonekana kwamba hata ngozi inavyo: katika chembe zake, katika mishipa ya fahamu inayoleta mwasho, na kwa askari wanaoilinda.

Lakini hebu fikiri. Mwili haukuwekewa vitasa kwa ajili ya kungojea bangi. Ni lazima uwe na funguo zake wenyewe. Ndivyo ilivyo. Mwaka 1992 watu wa maabara ya Mechoulam walipata ufunguo ambao mwili huutengeneza wenyewe. Waliuita anandamidi, kutokana na neno la kale la India lenye maana ya furaha.

Kazi ya funguo hizi ni nini? Ni kama kazi ya mzee wa kijiji anayewaambia vijana, "Basi, tulieni. Mwizi hayupo. Nendeni mkalale." Wakati askari wa mwili wanapozidisha ugomvi, funguo hizi husaidia kuwatuliza.

Mwaka 2007 wanasayansi wa Ujerumani na wenzao walitoa habari za panya wao. Panya hao walizaliwa bila vitasa hivyo. Walivalishwa masikioni vibandiko vya chuma chenye nikeli ili wajulikane. Masikio ya wengi wao yakafanya vidonda. Kwa panya wenye vitasa haikuwa hivyo. Wataalam wakafanya jaribio lingine. Walipaka dawa ya kuleta mzio kwenye masikio ya panya. Wale wasio na vitasa walivimba zaidi. Tena, panya wa kawaida walipopakwa THC kidogo mahali pale, uvimbe ulipungua.

Mwaka 2014 wataalam wa Hungary na wenzao walitoa matokeo mengine. Waliweka CBD kwenye chembe za binadamu zinazotengeneza mafuta ya ngozi. Mafuta yakapungua. Wakapata tumaini kwamba labda itafaa kwa chunusi.

Huu ndio ukweli ulio ndani ya maneno tunayoyasikia, na si uwongo. Lakini panya si mtu. Chembe ndani ya chupa ya maabara si mtoto wako. Kutoka hapo mpaka kwenye dawa ni safari ndefu.

4. SHAMBA LA MAJARIBIO

Wakulima mnajua jambo hili kuliko watu wengi. Bwana shamba akileta mbolea mpya, mtajuaje kama inafaa? Mkiitia shamba zima na mahindi yakastawi, mtasema, "Mbolea nzuri!" Lakini je, kama mwaka huo mvua ilikuwa nzuri? Huenda mahindi yangestawi hata bila mbolea.

Kwa hiyo mnagawa shamba. Nusu mnaitia mbolea, na nusu hamtii. Mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile, palizi ni ile ile. Siku ya kuvuna mnalinganisha magunia. Hapo mbolea haiwezi kuwadanganya.

Dawa nayo hupimwa hivyo. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa mafuta yenye dawa. Kundi la pili hupewa mafuta yale yale yasiyo na dawa. Mgonjwa hajui yuko kundi gani. Mwisho hulinganishwa.

Sasa tazama mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,400 wa pumu ya ngozi. Walipaka krimu yenye kitu kinachoitwa PEA. PEA ni jamaa wa karibu wa funguo za mwili, na si kitu cha bangi. Mwaka 1957 wataalam waliitoa katika kiini cha yai, karanga na soya. Wagonjwa wengi walipata nafuu, na mwasho ulipungua. Ni habari njema. Lakini hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha. Lilikuwa shamba zima lililotiwa mbolea. Je, ni PEA iliyosaidia, au ni yale mafuta ya krimu? Hapo hatuwezi kusema.

Mfano wa pili. Kampuni moja ya Australia ilitengeneza dawa ya kupaka yenye CBD kwa ajili ya chunusi. Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 300, wakiwa katika makundi. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliopaka CBD walipata nafuu. Waliopaka mafuta matupu nao walipata nafuu, karibu sawa! Kampuni hiyo ilijaribu CBD kwa pumu ya ngozi pia. Mwaka 2020 ikaonekana vivyo hivyo: tofauti haikutosha.

Umeona? Kama lisingekuwapo kundi la pili, watu wangeshangilia na kusema, "CBD imeponya!"

Hii haina maana kwamba tumaini limekwisha. Wataalam wanaendelea kutafuta kipimo kinachofaa, njia ya kuipenyeza ngozini, na ugonjwa unaofaa. Tena CBD imekwisha faulu mtihani mwingine. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa ya kunywa ya CBD kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Dawa hiyo ilipimwa kwa makundi na ikashinda. Kwa ngozi, bado haijashinda.

5. KWA NINI TUSITWANGE MAJANI?

Labda mtu atasema, "Kwa nini tungoje wataalam? Babu zetu walitumia miti, nasi tuitumie." Ni kweli miti ina dawa. Kwinini ilitoka katika magamba ya mti. Dawa mseto ya malaria ina kitu kilichotoka katika mmea wa pakanga. Lakini tunameza kidonge kilichopimwa. Hatutafuni gome tukakisia kipimo. Kwa bangi sababu ni hizi:

(a) Majani hayana kipimo. Mmea mmoja una THC nyingi, mwingine kidogo. Huwezi kujua kwa macho.

(b) Ngozi ya pumu imepasuka. Majani yaliyotwangwa yana vumbi, ukungu na vijidudu. Ukimpaka mtoto unaweza kumletea usaha. Tena watu wengine hupata mzio wa bangi yenyewe.

(c) Mtoto hulamba mikono. Akila bangi, hata kidogo, anaweza kusinzia asiamke vizuri, au kushindwa kupumua sawasawa. Ikitokea hivyo mkimbizeni hospitali mara moja, na msifiche alichokula.

(d) Kuvuta hakutibu ngozi. Moshi huumiza mapafu. Vijana wanaovuta mara kwa mara wanaweza kuharibikiwa na akili. Mama mjamzito humdhuru mtoto tumboni.

(e) Hata CBD si maji. Kwa kipimo kikubwa cha kunywa inaweza kuumiza ini, na inaweza kugombana na dawa nyingine, kama dawa za kifafa.

(f) Sheria. Hapa Tanzania Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia. Kusema "ni dawa ya mtoto" hakutakuokoa.

Huenda umesikia kwamba Umoja wa Mataifa umeiruhusu bangi. Sivyo. Tarehe 2 Desemba 2020 tume yake ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi katika orodha ya dawa za hatari zaidi zisizofikiriwa kuwa na faida ya tiba. Lakini bangi ilibaki katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Sheria ya kila nchi iko pale pale.

Na jambo moja zaidi. Kwa kuwa PEA imo katika mayai na karanga, mtu asije akampaka mtoto yai au karanga! Kilichomo ni kidogo sana. Tena vyakula hivyo vikipita katika ngozi iliyopasuka, vinaweza kumfanya mtoto avichukie maisha yake yote.

6. TUFANYE NINI LEO?

Je, umekumbuka lile kundi lililopaka mafuta matupu? Nao walipata nafuu. Hapo pana fundisho kubwa. Mafuta ya kawaida huziba nyufa za ukuta. Kwa mwenye pumu ya ngozi, hayo ni nusu ya matibabu, na yanapatikana dukani.

• Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Asikae majini muda mrefu.

• Tumia sabuni kidogo isiyo kali. Sabuni ya kufulia ni ya nguo.

• Mkaushe kwa kugusa gusa na kanga safi. Usimsugue.

• Ngozi ikiwa bado ina unyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Rudia angalau mara 2 kwa siku, hata akiwa amepona.

• Mkate kucha. Mvalishe nguo za pamba. Suuza nguo mpaka sabuni iishe.

• Usimpake majivu, mafuta ya taa wala maji ya betri.

Mwasho ukizidi, nenda zahanati. Mganga wa zahanati anaweza kukupa krimu ya kutuliza askari wa mwili. Krimu hiyo imepimwa kwa makundi, na imeshinda. Lakini itumie kwa siku na kwa kiasi ulichoambiwa. Usiazime krimu ya jirani. Usiitumie kujichubua. Ikitumiwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi.

Zahanati ni muhimu kwa sababu nyingine pia. Si kila mwasho ni pumu ya ngozi. Kama nyumba nzima mnajikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huenda ni upele. Huo unaambukiza, na dawa yake ni nyingine. Kama kuna baka lisilowasha wala kuhisi ukiligusa, huenda ni ukoma. Ukoma unapona, na dawa zake hutolewa bure. Sasa fikiri: mtu mwenye ukoma akikaa mwaka mzima anapaka majani, vidole vyake vitamngoja?

Mtoto akiwa na homa, usaha, au malengelenge yanayoenea upesi, usingoje kesho.

Wataalam wa ngozi tunao. Tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalam hao kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Mganga wa zahanati akiona jambo limemshinda, mwombe akuandikie barua ya kwenda hospitali kubwa.

Ndugu msomaji, siku ikija krimu ya kanabinoidi iliyofaulu mtihani, gazeti halitasita kukwambia. Mpaka siku hiyo, ukisikia dawa yoyote mpya inasifiwa, uliza swali la mkulima: "Shamba la pili liko wapi?"

MASWALI

1. Taja kazi mbili za ngozi.
2. THC na CBD zina tofauti gani?
3. Kwa nini matokeo ya mwaka 2008 hayakutosha, ingawa wagonjwa walikuwa zaidi ya 2,400?
4. Matokeo ya mwaka 2019 yalitufundisha nini juu ya mafuta ya kawaida?
5. Utajuaje tofauti ya pumu ya ngozi na upele?

MAJADILIANO YA KIKUNDI

Katika kijiji chenu watu hupaka nini mtoto akiwashwa? Andikeni vitu vyote ubaoni. Kisha vichungueni kimoja kimoja: kipi kinaziba nyufa za ukuta, kipi kinazipanua, na kipi hamjui. Vile msivyovijua mpelekeeni mganga wa zahanati mkamwulize.

MANENO MAGUMU

Bahati nasibu: kuchagua bila kupendelea, kama kwa kuokota karatasi zilizokunjwa.
Bizimu: chuma cha kufungia mkanda.
Kanabinoidi: vitu vya jamii moja vilivyomo katika bangi.
Mzio: hali ya mwili kukichukia kitu ambacho kwa wengine hakina madhara.